Kixhosa na Kithai: Je, Iko Lugha Isiyo na Sarufi?



Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya lugha mbili ambazo wenyewe hawajapata kuwa majirani: Kixhosa, kisemwacho Afrika ya Kusini na watu zaidi ya milioni nane, na Kithai, lugha ya nchi ya Thailand, ambayo hata mwaka 1939 iliitwa Siam. Yamkini mtu atauliza, Kwa nini hizi mbili, wala si Kiingereza na Kiarabu tunazozisikia kila siku? Sababu ni kicheko cha wanafunzi.

Katika chuo cha waalimu ninamofundisha, siku moja nilikuwa nikieleza habari za ngeli za majina. Nikaandika ubaoni mistari mitatu, yote yenye maana moja:

Watoto watatu wanakwenda.
Abantwana abathathu bayahamba.
Dek sam khon pai.

Wa kwanza ni Kiswahili, wa pili Kixhosa, wa tatu Kithai. Kijana mmoja hodari akasimama akasema, "Mwalimu, huo wa pili naukisia maana yake hata kabla hujaufasiri, kwa kuwa ni ndugu yetu. Lakini huo wa tatu hauna sarufi. Ni maneno yaliyotupwa chini tu, kama ya mtoto aanzaye kusema." Darasa likacheka. Mwenziwe akadakiza kuwa yeye amekisikia Kixhosa kikisemwa, na kwamba ile si lugha, bali ni kupiga vidoko kama mtu aswagaye punda. Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka. Wale wawili hawakuwa mbali na kupewa darasa lao wenyewe, na mwalimu aaminiye kuwa iko lugha isiyo na sarufi, au lugha ya punda, siku moja atamkuta mbele yake mtoto asemaye lugha ya namna hiyo kwao, na mtoto yule atajua kwa haraka sana mwalimu wake anamdhania nini.

Wala wanafunzi wangu hawakuwa wa kwanza. Katika karne ya kumi na tisa mjuzi mmoja Mjerumani, August Schleicher, aliyefariki mwaka 1868, alizipanga lugha za dunia kama ngazi yenye vipandio vitatu. Chini aliziweka lugha ambazo maneno yake hayabadiliki kamwe, kama Kichina. Na kwa kipimo hicho Kithai nacho mahali pake ni hapo. Katikati ni lugha ziunganishazo vipande vya maneno kama shanga katika uzi, na hapo ndipo ziangukiapo lugha zetu za Kibantu. Juu kabisa ni Sanskriti, Kiyunani, Kilatini na jamaa zao wa Ulaya. Haikosi mjenzi wa ngazi alijikuta amesimama kileleni. Wajuzi wa leo wameiacha ngazi hiyo, na hoja moja yatosha kuivunja: Kiingereza, kwa muda wa miaka elfu, kimepoteza sehemu kubwa ya miisho ya maneno yake, hata katika jambo hili kimekaribia Kithai kuliko Kilatini, wala hatujapata kusikia Mwingereza akilia kwamba ameteremka.

Basi tuzitazame lugha zenyewe. Kwa Kixhosa mtu asemaye Kiswahili hujiona kama mgeni aliyeingia nyumba ya mjomba: vyombo si vile vile, lakini ajua kila kimoja ni cha kazi gani. Mtu ni umntu, na watu ni abantu. Mti ni umthi, na miti ni imithi. Maji ni amanzi, nyama ni inyama, ng'ombe ni inkomo. Kupenda ni ukuthanda. "Nakupenda" ni ndiyakuthanda, na lile ku la katikati ni wewe yule yule tumjuaye. Kupendana ni ukuthandana. Na likanushe tendo hilo uone ajabu: sisi twasema "sikupendi", tukiigeuza a ya mwisho kuwa i, naye Mxhosa husema andikuthandi, a ya mwisho ikageuka i vile vile. Watu hawa wameachana na babu zetu tangu zamani zisizoandikwa, na i hiyo ndogo haikupotea njiani.

Sasa vile vidoko. Mlionisikia redioni mlivisikia vidoko vyangu, vibaya kama vilivyokuwa. Lakini msomaji wa kijitabu hiki hana budi kuvipiga mwenyewe. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele, uivute kama mtu asikitikiaye jambo: hiyo ndiyo c, kama katika ukucela, kuomba. Uweke ulimi juu kwenye kaakaa, kisha uuachie kwa ghafula, itoke sauti kama ya kizibo kichomolewacho katika chupa: hiyo ni q, kama katika iqanda, yai. Ya tatu hutoka ubavuni mwa ulimi, kwenye magego, nayo ni x, kama katika uxolo, amani. Hii ya tatu ndiyo ya kumhimizia punda, na kwa hiyo mwanafunzi wangu hakuwa mwongo kabisa. Jina lenyewe la Waxhosa huanza na sauti hiyo, ikifuatwa na pumzi. Lakini mwenye punda anacho kidoko kimoja tu. Mxhosa huvisema vyote vitatu kila kimoja kwa namna sita, mara kikavu, mara kwa pumzi, mara kwa kupitishia puani, na kadhalika, hata zikawa konsonanti 18, na kukosea moja ni kusema neno jingine au kusema upuuzi.

Vidoko hivi havikuwamo katika Kibantu cha kale. Waxhosa walivipata kwa Wakhoikhoi na Wasan, wenyeji wa kusini waliotangulia, ambao waliishi nao na kuoana nao. Msikilizaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali kuzisikia sauti za namna hii: Wasandawe wa upande wa Kondoa wanazo, na Wahadzabe wa kando ya ziwa Eyasi wanazo. Huko Kenya, Wadahalo wachache wa karibu na mlango wa mto Tana wanazo pia. Ila hao si Wabantu, na vidoko ni urithi wao wenyewe, si mkopo.

Wasomi wengine hufikiri kwamba mlango mmoja ulioviingiza vidoko katika Kixhosa ulikuwa ni adabu. Desturi yao iitwayo hlonipha humkataza bibi arusi kutamka jina la baba mkwe wake na la wazee wa kiume wa nyumba ile, hata na silabi zifananazo na jina hilo. Tuseme baba mkwe aitwa Simba: basi mke wa mwanawe hamwiti simba wa porini kwa jina lake, na pengine hata "simama" na "simulia" humlazimu azitafutie maneno mengine. Mwanamke mwenye haja ya kuipotosha silabi kila siku, na masikioni mwake mna sauti za majirani wenye vidoko, hana shida ya kupata njia. Wake wa namna hiyo walikuwa wengi, nao ndio waliowafundisha watoto kusema.

Nimelitaja jambo hili kwa kuwa Wathai nao wana lugha ya adabu, ila yao yaelekea kitini pa mfalme. Huitwa rachasap, na maneno yake mengi yametoka katika Kikhmer na katika lugha za kale za Bara Hindi, Sanskriti na Kipali. Kula, kwa watu wa kawaida, ni kin. Mtawa wa Kibudha hali kwa neno hilo, bali kwake husemwa chan. Mfalme naye huliwa chakula chake kwa neno sawoei. Na katika mazungumzo ya kila siku mwanamume humalizia usemi wake kwa khrap, na mwanamke kwa kha, neno lisilo na maana nyingine ila heshima. Asiyelitia huonekana kama sisi tumwonavyo kijana apitaye mbele ya wazee bila shikamoo. Mkubwa kidogo kwa umri huitwa phi, na mdogo nong, ingawa si ndugu, sawasawa na kaka na dada zetu wa njiani.

Lakini nimetangulia mbele. Ugumu wa Kithai, na uzuri wake, ni kupanda na kushuka kwa sauti. Sisi pia hupandisha sauti. "Amekuja." "Amekuja?" Herufi ni zile zile, na sikio hutambua ipi ni habari na ipi ni swali. Hiyo kwetu ni kazi ya usemi mzima. Kwa Mthai ni kazi ya kila silabi peke yake, nayo ina namna tano: sauti ya katikati isiyokwenda popote, ya chini, ya kuporomoka, ya juu, na ya kupanda. Sema maa kwa sauti ya katikati, umesema "kuja". Isema kwa sauti ya juu, ni farasi. Ipandishe, ni mbwa. Suai kwa sauti ya kupanda ni kumsifu mtu uzuri; kwa sauti ya katikati ni kusema ana nuksi. Na mfano unishangazao kupita yote ni huu: klai kwa sauti ya katikati ni mbali, na klai kwa sauti ya kuporomoka ni karibu. Mfikirieni mgeni mwenye kiu aulizaye njia ya kisimani.

Nilimwita ubaoni yule kijana aliyesema kuwa Kithai hakina sarufi, nikamwomba aniambie kwa Kithai kwamba chuo chetu ki karibu na soko. Alijaribu mara sita au saba, na kila mara soko lilihama. Darasa likacheka, naye mwenyewe akacheka, na nadhani hapo ndipo somo lilipoanza.

Maana aliniuliza, na ni swali jema, Mwalimu, sauti imepanda na kushuka. Sarufi iko wapi? Iko katika mpango wa maneno. Maa kat khon ni mbwa amwuma mtu. Khon kat maa ni mtu amwuma mbwa. Hakuna hata herufi iliyobadilika, ila mahali, na aliyejeruhiwa amekuwa mwingine. Kiswahili na Kixhosa hazihitaji ukali huo, kwa kuwa kitendo chenyewe kimebeba alama za mtendaji na mtendwa: ukisema "Mtu yule mbwa amemwuma", ukimtanguliza mtu au ukimweka nyuma, twajua nani apelekwe hospitali. Kwa Mthai maneno yana viti vyao, na atakayehama kiti ameharibu usemi. Nyakati nazo huonyeshwa kwa maneno: pai laeo ni amekwisha kwenda, ja pai ni atakwenda. Yafaa tukumbuke kwamba -ta- yetu ya wakati ujao nayo yasemekana ilikuwa neno zima, taka, ambalo bado lachungulia katika "atakayekuja". Tuliyameza maneno yetu yakawa vipande, Mthai hakuyameza.

Na kwa kuwa sauti yake ina kazi, Mthai haachi swali litegemee sauti tu, bali aghalabu hutia neno mwishoni, mai. Mxhosa, ambaye lugha yake nayo ina sauti za juu na chini zibadilishazo maana, hutia na: Uyahamba na? Je, unakwenda? Hapo lugha mbili zisizojuana zimekutana, kila moja kwa njia yake. Kiswahili, ambacho kimeupoteza mwinuko huu waliokuwa nao Wabantu wa kale, kina uhuru wa kuuliza kwa kupandisha sauti, na "je" twaitia tupendapo.

Niliposema neno khon katika mstari wa ubaoni sikulieleza, nalo lanirudisha kwenye ngeli. Dek ni mtoto, sam ni tatu, na khon ni mtu: "mtoto tatu mtu". Mthai hawezi kuhesabu kitu bila kutaja ni cha aina gani, karibu kama sisi tusemavyo "punje tatu za mtama". Watu huhesabiwa kwa khon. Wanyama huhesabiwa kwa tua, yaani mwili, na pamoja nao, bila kicheko chochote, meza, viti, mashati na suruali, labda kwa kuwa vina miguu na mikono. Vitabu huhesabiwa kwa lem, na visu na mishumaa pia. Magari huhesabiwa kwa khan, na miavuli vile vile. Watawa hawahesabiwi kwa khon kama watu wengine, ila kwa rup, sanamu. Na tembo wa mwituni ni tua kama mnyama yeyote, lakini akifugwa akafundishwa kazi huhesabiwa kwa chueak, kamba. Neno la kuhesabia limesimulia maisha yake yote.

Basi je, hizi si ngeli? Mxhosa na Mswahili huzigawa chapa za ngeli mwanzoni mwa jina, kisha huipitisha chapa hiyo katika sentensi nzima: abantwana abathathu bayahamba, wa-, wa-, wa-, kama ngoma. Mthai huingoja saa ya kuhesabu. Wala sisi na Waxhosa hatulingani kwa kila jambo. Kwetu mbwa ana jina la ngeli ya nyumba na nguo, ila twamfanyia heshima ya mtu, "mbwa watatu wamekuja". Mxhosa hamwondoi katika ngeli yake, izinja ezintathu. Mthai amemweka pamoja na meza. Sijui mbwa angependa nyumba ipi.

Nitasema kidogo tu juu ya maandishi. Kixhosa kiliandikwa na wamisionari Waskoti, miongoni mwao John Bennie, katika bonde la Tyhume, ambako mtambo wa kuchapia uliwasili mwishoni mwa mwaka 1823. Walizikuta herufi c, q na x zikiwa hazina kazi ya lazima, wakazipa vidoko. Ilikuwa busara. Lakini kupanda na kushuka kwa sauti hawakukuandika, na mpaka leo hakuandikwi. Kwa hiyo mwandishi aweza kuandika abafundi abafundi, na msomaji asiye mwenyeji akadhani ni kosa la mchapaji. Maana yake ni "wanafunzi hawasomi". La kwanza ni jina, la pili ni kitendo kilichokanushwa, na kinachozitenga ni sauti tu. Sisi tunalo moja au mawili ya namna hiyo: barabara ya kupitia na barabara ya sawasawa, ila kwetu ni mkazo utengao.

Wathai, kinyume chake, waliweka alama. Jiwe mashuhuri la mfalme Ram Khamhaeng, lenye tarehe ya mwaka 1292, lilipatikana mwaka 1833 na Mongkut, aliyekuwa mtawa wakati ule na baadaye mfalme. Wako wanaobishana juu ya umri wake, lakini maandishi ya Kithai ni ya kale kwa vyovyote, na asili yake ni Kikhmer na kusini ya Bara Hindi. Yana konsonanti 44 na alama nne za sauti, na maneno huandikwa bila nafasi kati yao. Mtoto hutaabika kuyajifunza. Mimi kama mwalimu sina hakika ni yupi mwenye bahati, mtoto wa Kixhosa aliyepewa herufi 26 akaachiwa akisie sauti, au wa Kithai aliyeonyeshwa kila kitu. Nikibanwa nitasema ni wa Kixhosa, kwa kuwa anakisia lugha ya mama yake, naye huikisia vema.

Jambo moja la kuwaonya watakaojaribu kusoma. Herufi th katika thathu ya Kixhosa, na katika jina Thai, si ile ya "thelathini". Ni t yenye pumzi, ile watu wa Mvita waitumiayo kumtenga t'embo mwenye mkonga na tembo la mnazi.

Mwishoni mwa somo yule wa punda aliuliza kama Kithai na Kiswahili zina neno lolote la asili moja. Mwenziwe alikuwa amekwisha kuona kwamba simba kwa Kithai huweza kuitwa sing, akafurahi. Nikamwambia aache furaha: sing ni ya Sanskriti, simba ni ya Kibantu, na kufanana kwao ni bahati nasibu. Lakini liko moja. Sisi twasema sabuni, tuliyoipata kwa Waarabu. Mthai husema sabu, na yasemekana aliipata kwa Wareno, walioanza kufika Siam mwaka 1511. Mxhosa husema isepha, kutoka kwa Makaburu na seep yao. Neno la Kiarabu na la Kireno yametoka katika Kilatini, sapo. Na Warumi nao walilichukua kwa Wajerumani wa kale, ambao ndio asili ya neno la Kikaburu. Kijana akaenda ubaoni, akayaandika matatu yote kwa mfuatano, sabuni, sabu, isepha, kisha akageuka akaniuliza ile sabu isemwe kwa sauti ipi. Nikamwambia silabi zote mbili ziwe chini.